Moto wa buluu, moto wa njano: kinachotokea methani ikikutana na oksijeni

Usiku zima taa ya jikoni, washa jiko la gesi, kisha angalia kwa makini. Kama jiko ni zima utaona ndimi ndogo za moto zimejipanga duara, na kila ulimi una sehemu mbili. Ndani kuna koni fupi yenye buluu kali inayokaribia kijani. Nje yake kuna pazia la buluu hafifu ambalo mchana hulioni kabisa.

Hizo rangi zinakueleza kama gesi imepata hewa ya kutosha au la. Na hilo la hewa ndilo linaloamua kama moto utapika ugali, utapaka sufuria masizi, au utajaza chumba sumu isiyo na harufu.

Gesi tunayoizungumzia hapa ni methani. Ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikiwemo ile ya Songo Songo mkoani Lindi, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Zaidi ya asilimia 95 ya gesi ya Songo Songo ni methani. Ndiyo pia inayozalishwa Mnazi Bay kule Mtwara, inayoendesha bajaji na magari yaliyofungwa mfumo wa gesi, na inayotoka kwenye mtambo wa samadi wa mfugaji.

Mtungi wa jikoni ni habari nyingine kidogo. Ule una propani na butani, ndugu wa methani. Moto wao unafuata kanuni zilezile, ila kuna tofauti moja kubwa ambayo nitaifikia mwishoni, na usiiruke.

Maji yanatoka wapi?

Molekuli ya methani ina chembe moja ya kaboni na nne za haidrojeni. Ili iungue vizuri inahitaji molekuli mbili za oksijeni. Zikimalizana, zinabaki molekuli moja ya kaboni dioksidi na mbili za maji.

Kwa kilo ni hivi: kilo 1 ya methani inakula kilo 4 za oksijeni, inatoa kilo 2.75 za kaboni dioksidi na kilo 2.25 za maji. Ndiyo, maji mengi kuliko gesi yenyewe uliyochoma! Yanatoka kama mvuke, ndiyo maana huyaoni. Lakini bandika sufuria ya maji baridi kwenye gesi, kisha baada ya sekunde chache iinue uangalie chini. Utakuta unyevunyevu. Watu wengi hudhani sufuria inavuja. Haivuji, ni mvuke wa moto umegusa chuma baridi ukageuka matone.

Joto linalotoka ni kama megajuli 50 kwa kila kilo. Kama lote lingeingia kwenye maji, lingechemsha zaidi ya lita 150 zilizoanza na nyuzi 25. Jikoni hilo halitokei, maana joto jingi linapita pembeni mwa sufuria na kuondoka zake.

Ndani ya moto kuna vurugu

Kwenye daftari la kemia, methani na oksijeni zinaungana kwa mstari mmoja tu. Ndani ya moto mambo hayaendi hivyo. Kuna hatua ndogondogo mamia, na nyingi zinatokea ndani ya tabaka jembamba lisilofika unene wa milimita moja.

Methani yenyewe ni mkaidi. Unaweza kuichanganya na hewa ikakaa siku nzima bila kitu kutokea. Mpaka ipate cheche, au joto la zaidi ya nyuzi 500 za sentigredi, ndipo inaanza.

Ikishaanza, kazi inafanywa na vipande vya molekuli vilivyovunjika, vyenye njaa ya kujishika na chochote. Chembe moja ya haidrojeni iliyo huru inaigonga molekuli ya oksijeni. Badala ya kutulia, vinazaliwa vipande viwili vipya vyenye njaa ileile. Kila kimoja kinaweza kuzaa vingine. Yaani ni kama umbea wa mtaani, mmoja anawaambia wawili, na kabla jua halijazama mtaa mzima unajua. Tofauti ni kwamba hapa mtaa mzima unajua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Vipande hivyo vinainyang'anya methani haidrojeni zake moja baada ya nyingine. Njiani inageuka vitu vingine, mojawapo ni fomaldehidi, ileile kemikali inayotumika kuhifadhi maiti. Inapita haraka sana hivyo huwezi kuinusa kwenye moto mzima. Baada yake inakuja kaboni monoksidi. Na mwishoni kabisa kaboni monoksidi inaungua kuwa kaboni dioksidi.

Shika hiyo hatua ya kaboni monoksidi. Kila moto wa methani unaipitia, hata ule mzuri wa buluu. Swali ni kama inamalizwa kabla ya kutoka nje.

Kwa nini buluu?

Buluu ya gesi haitokani na joto kama wekundu wa chuma kilichochomwa. Inatoka kwenye vipande vyenyewe. Kipande chenye kaboni moja na haidrojeni moja kinatoa mwanga wa buluu unaoelekea zambarau. Kipande chenye kaboni mbili kinatoa mwanga wa kijani. Ndiyo maana ile koni ya ndani ina buluu yenye ukijani. Hapo ndipo methani inavunjwavunjwa.

Njano ni kitu kingine kabisa. Gesi ikikosa hewa ya kutosha pale inapoanza kuungua, kaboni zinakosa oksijeni ya kushikana nayo, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Zinatengeneza punje ndogo za masizi. Punje hizo zikipata moto zinang'aa njano, sawa na kibatari au mshumaa. Kibatari kinataka hivyo, maana kazi yake ni kutoa mwanga. Jiko halitaki.

Ndiyo maana pale chini ya jiko la gesi kuna tundu la kuingizia hewa. Gesi inatoka kwa kasi kwenye kitundu chembamba, inavuta hewa pembeni yake, vinachanganyika ndani ya bomba fupi, na ndipo vinafika juu vikiwa tayari. Tundu hilo likiziba, moto wa njano unaanza.

Mimi mwenyewe liliwahi kunipata. Moto ulianza kuwa wa njano, sufuria zikawa nyeusi, nikashawishika kwamba nimeuziwa gesi mbovu. Nikabadilisha mtungi, hali ni ileile. Kuja kufungua chini, bomba la kuchanganyia limejaa vumbi, mafuta yaliyoganda na utando wa buibui. Brashi kuukuu ya meno na dakika kumi, moto ukarudi buluu. Hela ya mtungi wa pili ilishakwenda.

Lakini usishtuke kila ukiona rangi ya machungwa. Maji ya ugali yenye chumvi yakifurika, moto unapiga njano-machungwa kwa muda. Ile ni sodiamu ya kwenye chumvi inang'aa. Vumbi ukifagia karibu na jiko linafanya vilevile. Vikiisha, rangi inarudi. Ya kuogopa ni njano inayokaa palepale, ndimi ndefu zinazoyumba, na sufuria inayoshika masizi.

Sumu isiyonuka

Moto wa njano ni ishara kwamba gesi haiungui vizuri, na moto usioungua vizuri unaachia kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni, na inang'ang'ania pale zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu. Anajilaza kidogo apumzike. Hapo ndipo wengi hawaamki.

Kuna mambo mawili ambayo hayasemwi sana. La kwanza, hata moto wa buluu unaweza kuachia sumu hii ukipozwa kabla haujamaliza kazi. Ile hatua ya mwisho ya kuchoma kaboni monoksidi inahitaji joto na nafasi. Ukibandika sufuria kubwa inayokandamiza moto, au ukiondoa vile vyuma vya kuegeshea sufuria ili moto "uguse vizuri", unaukata moto katikati ya safari. Achia nafasi.

La pili, hewa ya chumba ni ileile mnayovuta wewe na jiko. Chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi au mbu, jiko linawaka saa nzima: oksijeni inapungua, moto unaanza kuharibika, na wewe uko humo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni baya zaidi ya gesi, maana mkaa unatoa kaboni monoksidi nyingi kwa asili yake. Kwa vyote viwili, fungua dirisha. Na mkiumwa kichwa watu wawili kwa wakati mmoja ndani ya nyumba yenye moto, tokeni nje kwanza, mengine yafuate.

Ikipewa oksijeni tupu

Mpaka hapa tumeongelea hewa ya kawaida. Lakini hewa ni oksijeni asilimia 21 tu. Karibu asilimia 78 ni naitrojeni, na hiyo ni abiria asiyelipa nauli. Haiungui, ila inabeba joto bure. Ndiyo maana mita moja ya ujazo ya methani inahitaji mita 2 za oksijeni, lakini karibu mita 9.5 za hewa.

Mwondoe abiria huyo uone. Kwenye hewa, moto wa methani unafika kama nyuzi 1,950. Kwenye oksijeni tupu unafika karibu nyuzi 2,800. Ungeweza kupanda zaidi, ila kwenye joto hilo maji na kaboni dioksidi vyenyewe vinaanza kuvunjika tena, na kuvunjika kunakula joto. Moto unajiwekea dari.

Kinachobadilika zaidi ni mwendo. Ndani ya mchanganyiko wa methani na hewa, moto unasafiri kama sentimita 40 kwa sekunde. Jiko la nyumbani limetengenezwa kwa mwendo huo. Gesi ikitoka polepole kuliko moto unavyosafiri, moto unarudi ndani ya bomba kwa mlio wa "pap". Ikitoka kwa kasi mno, moto unaruka juu ya matundu na kuzimika. Kwenye oksijeni tupu mwendo ni zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Jiko lako halina namna ya kuuzuia.

Kwa hiyo moto wa namna hii ni wa mafundi wenye vifaa vyake. Wafua vioo wanautumia kulainisha kioo kigumu, na viwanda vinautumia kukata vyuma. Fundi wa kuunga chuma pale mtaani yeye hutumia asetilini, maana moto wake unazidi nyuzi 3,000 na kazi ya kuunga inataka hivyo. Na kama umeshamuona fundi anakataza mafuta au grisi karibu na mtungi wa oksijeni, hakukuonea. Kwenye oksijeni tupu, cheche ambayo hewani isingefanya kitu inatosha kabisa.

Roketi nazo zimehamia huku

Julai 2023 roketi ya Zhuque-2 ya kampuni ya LandSpace ya China ilikuwa ya kwanza duniani kufika kwenye mzunguko wa dunia kwa kuchoma methani na oksijeni. Injini za Raptor za Starship, ile roketi kubwa ya SpaceX, zinatumia vitu hivyohivyo. Vyote vinabebwa vikiwa kimiminika: methani inakuwa kimiminika chini ya nyuzi -161, oksijeni chini ya nyuzi -183.

Kwa nini waache mafuta ya taa yaliyobeba roketi miaka yote? Sababu mojawapo ni masizi. Mafuta ya taa yanaacha utando wa kaboni ndani ya injini, na injini unayotaka kuirusha tena wiki ijayo haitaki utando. Methani ina kaboni moja tu kwa kila molekuli, inaungua safi zaidi. Kumbe tatizo la roketi na la sufuria yako ni lilelile.

Cha kushangaza, roketi haziungui kwa uwiano kamili. Tulisema kilo 1 ya methani inataka kilo 4 za oksijeni. Raptor inapewa kama kilo 3.6. Methani inabaki kidogo makusudi, kwa sababu moto unakuwa na ubaridi kiasi wa kuikoa injini isiyeyuke, na gesi nyepesi zinazobaki zinatoka kwa kasi zaidi.

Ikichanganyika na kisichoungua

Mfugaji mwenye bayogesi anajua kwamba moto wake ni mpole. Bayogesi ina methani asilimia 50 hadi 70, na sehemu kubwa ya inayobaki ni kaboni dioksidi, ambayo ni abiria mwingine. Inapoza moto na kuupunguza mwendo, ndiyo maana unazimika kirahisi. Jiko lake linahitaji kitundu kikubwa zaidi cha gesi. Ukichukua jiko la mtungi ukaunga moja kwa moja kwenye bayogesi, utapata tabu.

Ziwa Kivu ni mfano mkubwa wa hilo. Chini ya maji yake, kati ya Rwanda na Congo, kumeyeyuka karibu kilomita za ujazo 60 za methani, pamoja na kaboni dioksidi kama mara tano ya hapo. Mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda, wa megawati 26, unavuta maji ya chini, unatoa gesi na kuisafisha kwa maji kupunguza kaboni dioksidi, ndipo inachomwa kuzalisha umeme.

Namba mbili za kukariri: 5 na 15

Methani haiungui kwa kiasi chochote tu. Hewani inahitaji kuwa kati ya asilimia 5 na 15. Chini ya 5 ni chache mno, moto haushiki. Juu ya 15 ni nyingi mno, oksijeni haitoshi. Penye asilimia 9.5 hivi ndipo mlipuko unakuwa mkali zaidi. Kwenye oksijeni tupu mpaka wa juu unapanda hadi asilimia 61 hivi.

Namba hizi zimelipiwa kwa damu. Mei 25, 1812, methani ililipuka kwenye mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, wakafa watu 92, wakiwemo watoto waliokuwa wakifanya kazi humo. Siku zile wachimbaji waliingia na moto wazi, kwa sababu bila mwanga hakuna kazi. Mwaka 1815 Humphry Davy akaja na taa iliyozungushiwa wavu wa chuma. Moto ukijaribu kupita kwenye matundu madogo ya wavu unapoteza joto na kufa. Methani inaingia ndani ya taa na kuwaka humo, lakini moto hautoki nje.

Wachimbaji wakaigeuza taa hiyo kuwa kipimo. Gesi ikianza kuongezeka, juu ya mwale wa taa kunatokea kofia hafifu ya buluu. Kofia ikirefuka, mnatoka.

Mtego uko kwenye ile "nyingi mno". Chumba kilichojaa gesi asilimia 30 hakilipuki. Lakini mlango ukifunguliwa hewa inaingia, kiasi kinashuka, na lazima kipite kati ya 15 na 5 kabla hakijawa salama. Cheche ndogo ya swichi ya taa ina nguvu kupita inayotakiwa.

Ukinusa gesi

Methani haina harufu. Ule uvundo wa yai viza unaounusa kwenye gesi ya nyumbani ni kemikali yenye salfa iliyotiwa makusudi ili ujue. Ukiunusa, usiwashe taa wala usizime. Usichomoe friji. Usipige simu ukiwa humo. Funga vali kama iko karibu, fungua milango na madirisha, toka, piga simu ukiwa mbali.

Na sasa ile tofauti niliyoahidi. Methani ni nyepesi, uzito wake ni kama nusu tu ya hewa, kwa hiyo inapanda na kukimbilia darini. Dirisha la juu au tundu la hewa karibu na dari linaitoa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inashuka sakafuni, inatambaa chini ya mlango, inatulia kwenye mfereji au chini ya kitanda, na inaanza kuwa hatari kwenye asilimia 2 tu. Dirisha la juu halitoshi hapo, fungua mlango.

Jambo hilohilo linahusu wanaohama kutoka mtungi kwenda gesi ya bomba, kama baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Propani inahitaji hewa kama mara 24 ya ujazo wake, methani mara 9.5, hivyo vitundu vya jiko havifanani. Jiko la gesi ya bomba likiungwa kwenye mtungi linatoa miali mirefu ya njano, na unajua sasa inamaanisha nini. Mwite fundi abadilishe vitundu kwanza. Kama unanunua kengele ya kugundua gesi, ya bomba inafungwa karibu na dari, ya mtungi inafungwa karibu na sakafu.